Mirunda ya Madrasa na Saini ya Katibu



Majuma matatu yaliyopita, baada ya sala ya Isha, nilikuwa nimeketi barazani na mweka hazina tukihesabu mchango wa ujenzi, alipotufikia mama mmoja wa mtaani kwetu ambaye wanawe watatu husoma katika madrasa ya msikiti. Hakuja kutoa mchango, kwani alikwisha kutoa, tena mara mbili. Alitoa salamu, akasubiri tumalize kufunga noti kwa mpira, kisha akaniambia: "Ustadh, nimesikia karatasi ya kung'oa mirunda ilikuwa na saini yako. Nakuuliza kwa heshima. Uliisoma?"

Sikuwa na jibu la haraka, na ukimya wangu ukawa ndio jibu. Nimeona ni haki niulete ukimya ule mbele yenu, kwa sababu jambo lililousababisha haliko katika msikiti wetu peke yake, na kwa namna mambo yanavyokwenda litamfikia hata mwenye kiwanja cha vyumba viwili.

Nyuma ya msikiti tunajenga jengo la ghorofa moja: chini maktaba na stoo, juu madarasa mawili. Kamati ilikuwa na fedha za kubahatisha na tarehe isiyosogea, nayo ni Ramadhani, ambapo watoto hufurika kupita nafasi tuliyo nayo. Kijana mmoja wa kamati, msomi wa kompyuta na mtu wa kujituma, alitushauri tutumie programu ya kusimamia ujenzi inayoendeshwa kwa akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba. Unaipa michoro, orodha ya vifaa, picha za kila jioni na tarehe unayotaka kumaliza; nayo inakupangia ratiba, inakadiria vifaa, inafuatilia matumizi, na kila juma inaandika ripoti kwa Kiswahili.

Nisiwe mchoyo wa ukweli: programu ile ilitufaa. Katika juma la pili iligundua kwamba nondo za ngazi zimehesabiwa mara mbili katika makadirio, kosa lililotupita sote, akiwamo mwandishi wa safu hii aliyeyagonga muhuri. Ililinganisha picha za stoo na risiti, ikauliza mifuko 14 ya saruji iko wapi. Mifuko ilikuwapo, imehifadhiwa kwa jirani kwa kuhofia mvua, lakini swali lilikuwa zuri na lilimfanya kila mtu awe makini zaidi. Kwa kamati ya watu wa kujitolea, inayokutana baina ya Magharibi na Isha, mtunza hesabu asiyechoka ni neema. Basi tukaizoea.

Zege la sakafu ya juu lilimwagwa siku ya Jumamosi. Siku ya tisa programu ikatoa ripoti ya kurasa nne. Ilieleza kwamba kazi imechelewa kwa siku 11, na kwamba muda huo waweza kufidiwa iwapo mirunda, yaani zile nguzo za miti zinazobeba mbao chini ya zege bichi, itang'olewa siku ya kumi na matofali ya juu yaanze kupangwa siku inayofuata. Mwishoni palikuwa na mstari ulioandikwa "Imeidhinishwa na". Nilikuwa naelekea mazishini. Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikaona lugha fasaha na hesabu zilizopangika, nikatia saini kwa kidole juu ya kioo cha simu, nikaingia garini.

Asubuhi yake mkandarasi aliwaamuru vijana waanze kung'oa. Fundi mkuu, mzee aliyevuka miaka 60, akakataa. Hakugombana na mtu. Alipindua ndoo kwenye mlango wa maktaba, akaikalia, akasema hapiti mtu na nyundo mpaka mhandisi aje. Mkandarasi akamwonyesha saini yangu kwenye simu. Mzee, kama nilivyosimuliwa baadaye, alijibu: "Huyo ustadh namheshimu, nasali nyuma yake akikosekana imamu. Lakini hakuwapo maji yalipokatika."

Maji yalikatika mtaani tangu siku ya pili hadi ya tano baada ya zege kumwagwa, na jua lilikuwa kali. Zege, ndugu msomaji, halikauki kama nguo iliyoanikwa. Hukomaa kwa saruji kushikana na maji, na ndiyo maana katika siku zake za mwanzo humwagiliwa na kufunikwa magunia yaliyoloweshwa. Zege la kawaida lililotunzwa vizuri hufikia takriban theluthi mbili ya nguvu yake kwa siku 7, na nguvu anayoihesabu mhandisi katika michoro ni ile ya siku 28. Lililonyimwa maji mapema hukomaa kwa udhaifu, hasa upande wa juu unaopigwa na jua.

Programu haikulijua hilo, kwa sababu iliambiwa kinyume chake. Kijana tuliyempa kazi ya kujaza fomu kila jioni alikuwa akikutana na swali: je, zege limemwagiliwa maji leo? Akibonyeza "hapana", ulifunguka ukurasa mwingine wenye maswali manane na kudai picha, ilhali bando la intaneti alikuwa akijinunulia mwenyewe. Akibonyeza "ndiyo", kazi ilikwisha. Siku zote nne alibonyeza "ndiyo". Nilipomuuliza hakuficha. Alisema alidhani fundi ndiye anayejua hali ya zege, kwa hiyo fomu si kitu. Fundi naye hakujua kwamba kuna fomu.

Mhandisi alifika alasiri. Ni mtu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na makubaliano yetu naye yalikuwa ya ziara chache, kwani hapo ndipo tulipobana matumizi. Mkandarasi alimpokea kwa hoja nzito: vipande vya mchemraba vya zege letu, vilivyopimwa maabara siku ya 7, vilikuwa vimefaulu. Mhandisi akamjibu kwa upole, "Vile vililala majini. Zege lenu lililala juani." Akapanda juu na nyundo yake maalumu ya kupimia ugumu wa zege, akagonga mahali pengi, akaandika. Aliposhuka alisema mirunda isiguswe mpaka siku ya 28, maji yanunuliwe ya boza na magunia yarudishwe, wala lisipangwe hata tofali moja juu.

Sisemi kwamba sakafu ile ingeanguka. Mhandisi mwenyewe hakusema hivyo. Alisema tu kwamba hana msingi wa kusema haitaanguka. Waliokuwa wamepangiwa kuingia chini yake na nyundo walikuwa saidia fundi wawili, na mmoja wao ni mdogo wake yule mama. Hatua tano kutoka hapo ndipo watoto wanapokaa kwenye mikeka kila alasiri.

Baada ya siku ile nilitumia usiku kadhaa kusoma habari za majenzi yaliyotegemea hesabu za mashine, na kuna kisa kimoja kilichoninyima usingizi kuliko vingine. Katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut huko Marekani, ulijengwa ukumbi mkubwa wa michezo uliofunguliwa mwaka 1975. Paa lake lilikuwa wavu mpana wa vyuma vilivyounganishwa kwa pembetatu, muundo mgumu kuuhesabu kwa mkono. Wahandisi waliupendekeza wakieleza kwamba hesabu zitafanywa kwa kompyuta na kwamba mji utaokoa nusu milioni ya dola. Wakati ule kompyuta ilikuwa jambo la fahari, kama ilivyo akili unde leo.

Paa liliunganishwa likiwa chini, kisha likainuliwa. Hata kabla ya kuinuliwa, wakaguzi waliwaarifu wahandisi kwamba baadhi ya viungo vimebonyea kuliko ilivyotarajiwa. Lilipokwisha kuinuliwa, lilipimwa likaonekana limebonyea mara mbili ya hesabu ya kompyuta. Wahandisi walijibu kwamba tofauti ya namna hiyo ni ya kawaida. Mafundi waliokuja kufunga vibao vya pembezoni waliona mashimo hayalingani, kwa kuwa chuma kimepinda. Walipouliza, waliambiwa wakabiliane na tatizo hilo au wabebe lawama ya ucheleweshaji. Basi wakakata na kuchomelea upya, vibao vikakaa. Hata raia wa kawaida aliyeliona paa limelala alitoa dukuduku lake, akahakikishiwa kwamba hakuna hatari.

Alfajiri ya tarehe 18 Januari 1978, baada ya theluji nyingi, paa lote lilianguka juu ya viti vitupu. Saa chache kabla yake watu wapatao 5,000 walikuwa wamekaa pale wakitazama mpira wa kikapu. Hakufa mtu. Uchunguzi ulionyesha kwamba uzito wa theluji ulikuwa mdogo kuliko ule ambao paa lilipaswa kuubeba. Kompyuta haikukosea kujumlisha. Ilikuwa imeambiwa kwamba vyuma vya juu vimeshikwa katikati visipinde, na katika jengo lenyewe vingi havikuwa vimeshikwa hivyo. Ndugu msomaji, nilipofika hapo niliweka simu chini. Niliona fomu yetu, na ile "ndiyo" mara nne.

Norwei nako, tarehe 23 Agosti 1991, msingi wa zege wa jukwaa la gesi liitwalo Sleipner A ulizama katika ghuba ya Gandsfjorden wakati wa majaribio, ukapasuka ulipogonga chini ya bahari kwa kishindo kilichonaswa na mitambo ya kupimia tetemeko. Hasara ilikadiriwa kuwa takriban dola milioni 700. Programu iliyotumika kuhesabu nguvu za kukata katika kuta za ndani ilizikadiria pungufu kwa asilimia 47, kwa kuwa waliochora mfano wa hesabu waligawa sehemu zile kwa vipande vikubwa mno. Baadaye wahandisi walipohesabu kwa mkono walipata kwamba ukuta ungepasuka kwenye kina cha mita 62. Ulikuwa umepasuka kwenye mita 65. Kalamu na karatasi zilikuwapo muda wote.

Mashine za siku zile zilikuwa bubu kidogo kuliko za leo, na hilo huenda lilikuwa afadhali. Kompyuta ya Hartford ilitoa safu za tarakimu ambazo asiye mhandisi hakuthubutu kuzigusa. Programu yetu huandika sentensi. Huanza kwa "kwa kuzingatia maendeleo ya kazi" na kumaliza kwa "inapendekezwa", bila kigugumizi, hata pale isipokuwa na habari ya kutosha. Katika miradi mikubwa duniani leo kuna kamera zinazolinganisha ukuta uliosimama na mchoro wake, zinazotambua asiyevaa kofia ngumu, na programu zinazojaribu maelfu ya ratiba kabla ya kuchagua moja. Zote ni kazi za kustaajabisha. Lakini kamera huona uso wa zege; haioni kama ndani limekomaa. Ratiba nayo hutafuta kile ilichoamriwa itafute. Sisi tuliiambia tarehe ya Ramadhani, ikatutafutia njia ya kufika. Hatukuiambia kwamba tarehe ile ilikuwa matamanio tu.

Nami ni mtu wa lugha. Chuoni tulifundishwa kuuliza isnadi kabla ya kuifurahia matini: nani amepokea kutoka kwa nani, na je, alikuwapo? Habari yenye maneno mazuri na mpokezi asiyejulikana hatuipokei, walau tulijibu hivyo kwenye mtihani. Ripoti ile mpokezi wake wa kwanza alikuwa kijana aliyekuwa nyumbani kwao akibonyeza simu ili bando lisiishe. Nilipaswa kumuuliza. Elimu niliyokuwa nayo ilitosha kabisa kwa swali hilo, wala halikuhitaji uhandisi.

Wapo watakaosema dawa ni kuachana na mashine turudi kwa macho ya binadamu. Siafiki. Sisi wakazi wa Dar es Salaam tunajua macho ya binadamu yanavyoweza kupofuka. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji lilianguka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, maduka yakiwa wazi. Hakuna aliyeweza kuzilaumu kompyuta. Na huko Bangladesh, jengo la Rana Plaza lilipopata nyufa tarehe 23 Aprili 2013, mhandisi alilikagua akasema si salama. Benki iliyokuwamo iliwarudisha wafanyakazi wake nyumbani. Wenye viwanda vya nguo waliwaita mafundi cherehani warudi kesho yake asubuhi, wengi wao wanawake wenye familia, na watu 1,134 wakapoteza maisha. Pale macho yaliona na mdomo ukasema. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kuzuia mlango.

Ndiyo maana napenda mashine iwe shahidi juu yetu. Haipokei bahasha, haina shemeji anayeuza kokoto, na haisahau risiti ya mwezi uliopita. Mnyapara aliyezoea kupunguza saruji katika mchanganyiko ataiogopa kuliko anavyoniogopa mimi. Lakini shahidi si hakimu, na hapa fikihi inatusaidia kufikiri sawasawa. Dhamana humkaa mwenye dhimma, yaani anayeweza kudaiwa na kujibu. Nyundo haidaiwi, anadaiwa aliyeishika. Programu nayo haina dhimma, hata ikiandika kwa ufasaha kiasi gani. Ikitokea ajali, mahakama haitaiita simu. Itamwita mwenye jina kwenye mstari. Na mstari ule ulikuwa na jina langu, mtu ambaye hawezi kutofautisha nondo ya milimita 12 na ya 10 bila kuwekewa zote mbili mkononi.

Sheria ya akili unde ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 inataka mifumo iliyowekwa katika kundi la hatari kubwa isimamiwe na watu wanaoelewa mipaka yake, wanaotambua mwelekeo wa binadamu kuiamini mashine kupita kiasi, na wenye uwezo wa kuisimamisha. Niliisoma sehemu hiyo mara mbili, nikaona mambo hayo matatu mzee wetu alikuwa nayo yote akiwa amekaa juu ya ndoo, isipokuwa lile la mwisho, ambalo alilichukua bila kupewa. Lau mkandarasi angekuwa mkali zaidi, mzee angefukuzwa kazi saa mbili asubuhi na mirunda ingekuwa chini kabla ya adhuhuri.

Kikao cha kamati kilichofuata kilikuwa kirefu. Kijana wetu wa kompyuta alihisi anashtakiwa, na nilisimama kumtetea, kwani programu aliyoileta ndiyo iliyookoa nondo zetu, na saini iliyopotoka ilikuwa yangu. Mzee mmoja wa kamati alilalamikia gharama: ziara za ziada za mhandisi, maji ya boza, ujira wa majuma yaliyoongezeka. Alikuwa na haki ya kulalamika, kwa maana fedha hizo zimetoka kwa watu wanaouza mihogo. Mwingine alitaka tuifute programu kabisa. Tulibishana hadi mlinzi akaja kuzima taa za nje ili tuelewe.

Tulichokubaliana ni kwamba programu inabaki, lakini neno lake haligusi chochote kinachobeba uzito: nguzo, mihimili, sakafu, ngazi, na muda wa kung'oa mirunda. Hapo saini ni ya mhandisi aliyefika na kuona, na tumemwongezea ziara tatu kwa kuahirisha ununuzi wa vipaza sauti vipya. Fundi mkuu amepewa haki ya kusimamisha kazi, na haki hiyo imeandikwa katika makubaliano na mkandarasi, pamoja na kwamba hatapoteza ujira wa siku aliyoisimamisha hata ikidhihirika alikosea. Kifungu hicho cha mwisho ndicho kilichobishaniwa zaidi. Mimi nakiona ndicho chenye maana kupita vyote, kwa sababu mtu asiye na akiba hawezi kuwa mkaguzi wa mtu anayemlipa.

Fomu ya jioni imebadilishwa. Sasa ina jibu la "sijui", na ukilichagua hulazimiki kujaza maswali manane. Ujumbe humfikia fundi naye hujibu kwa sauti. Bando linalipwa na msikiti. Kijana wa kompyuta aliifanya kazi hiyo kwa usiku mmoja, akaniambia, pasipo kejeli, kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza fomu inajazwaje.

Kabla sijasahau, neno kwa wanaojenga wakiwa mbali. Tunao ndugu wengi walioko Muscat na kwingineko wanaojenga huku kwa kutuma fedha na kupokea picha kwenye simu, na siku hizi baadhi yao huzipeleka picha hizo kwa akili unde ziwaambie kama ukuta umekaa sawa. Ndugu yangu, picha imepigwa na yule yule unayetaka kumkagua. Amechagua asimame wapi na aelekeze wapi. Mashine itakuambia kwa ukweli kabisa juu ya kona aliyoionyesha. Mlipe mhandisi aende kwenye kiwanja bila taarifa, walau msingi unapochimbwa na kabla zege la juu halijamwagwa, maana nondo zikishafunikwa hakuna picha itakayozionyesha. Na wewe unayeuliza simu yako chumba cha futi kumi kinahitaji nondo ngapi: jibu utapata, tena haraka, lakini simu haijui kama kiwanja chako ni kichanga au mfinyanzi, wala kwamba mwaka 1998 maji ya El Niño yalisimama hapo majuma kadhaa. Jirani anajua.

Jumapili iliyopita, siku ya 29, mirunda iling'olewa. Mhandisi alikuwapo, amegonga tena kwa nyundo yake na kuridhika. Fundi mkuu aliwapanga vijana akawaonyesha waanze katikati ya sakafu na kwenda pembezoni, mmoja mmoja, wakisikiliza. Akaeleza kwamba sehemu ya kibaraza inayoning'inia nje hung'olewa kinyume chake, kuanzia ncha. Utaratibu huo haukuwamo katika kurasa zile nne. Kijana wetu alimrekodi, na sasa umeingizwa katika programu kwa sauti ya mzee mwenyewe. Ramadhani hii watoto watasomea barazani chini ya turubai, kama mwaka jana.

Siku ile ile, baada ya Alasiri, nilikwenda nyumbani kwa yule mama nikiwa na karatasi mpya, iliyochapwa safari hii, yenye saini ya mhandisi na chini yake yangu kama shahidi aliyekuwapo. Nikamwambia, "Dada, ile ya kwanza sikuisoma. Hii nimeisoma." Hakusema kitu. Aliinua miwani iliyokuwa juu ya meza, akaisoma karatasi yote pale mlangoni, mimi nimesimama. Alipofika ukurasa wa pili aliweka kidole kwenye neno moja akaniuliza maana yake. Nikalitazama. Sikulijua. Tukampigia mhandisi.